Pipa la mvinyo, wiski na ukakasi wa ndizi mbichi

Wiki mbili zilizopita nilisimulia hapa jioni moja ya Moshi: watu sita wazima, sambusa, na chupa moja ya wiski ya mchanganyiko kutoka Ireland iliyomalizia kukomaa kwenye mapipa yaliyokuwa ya mvinyo mwekundu. Maswali yamezidi glasi tulizokunywa. Najibu machache.

"Kwa hiyo wamechanganya wiski na waini? Si waseme tu." Msomaji, Pasua, Moshi

Hapana, na nadhani mimi ndiye niliyekuchanganya. Mchanganyiko ni wiski kwa wiski. Upande mmoja kuna wiski ya kimea cha shayiri, nzito, yenye maneno mengi. Upande wa pili kuna wiski nyepesi ya nafaka kama mahindi au ngano, inayokenekwa kwenye mtambo mrefu kama mnara. Mtambo huo alichukulia hataza (haki ya uvumbuzi) Aeneas Coffey mwaka 1830, na kabla ya hapo alikuwa ofisa wa ushuru kule Ireland, akikimbizana na wapika gongo wa kwao. Mwindaji akaishia kuwafundisha wengine kupika.

Pipa ni habari nyingine. Sheria ya Ireland inataka wiski ikae kwenye pipa la mbao miaka isiyopungua 3. Mara nyingi mapipa hayo hutoka Marekani yakiwa yameshatumika, maana bourbon, wiski ya kwao, lazima iwekwe kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani, kwa hiyo wakishamaliza wanayauza. Wiski ikikomaa humo, baadhi ya watengenezaji huihamishia kwenye pipa lililokuwa na mvinyo, miezi kadhaa, pengine mwaka au miwili. Mvinyo wenyewe umeshamwagwa, ila ubao umeunywa. Weka maji ya kunywa kwenye kibuyu kilichozoea mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, uone kama hayatakusimulia kilichokuwamo.

Anayetajwa zaidi kwa kuieneza kazi hii ni David Stewart wa kiwanda cha wiski cha Balvenie, Scotland, ambaye wiski yake ya DoubleWood ilitoka mwaka 1993. Yeye alitumia mapipa ya sheri, mvinyo wa Hispania ulioongezwa kilevi. Mapipa ya mvinyo mwekundu, ya poti (ndugu yake sheri kutoka Ureno) na mengine yakafuata.

"Shikamoo mwandishi. Uliandika matunda mekundu, vanila, viungo. Mimi nilisikia moto tu. Nina tatizo?" Msomaji, Njiro, Arusha

Marahaba. Huna tatizo, ulikuwa na haraka. Wiski ina kilevi cha asilimia 40 au zaidi, na ukiinusa kama unavyonusa pilau, pua inaungua na kufunga duka.

Mimina kidogo, vidole viwili ni vingi. Glasi iwe na mdomo uliobana, hata ile ndogo ya waini inafaa. Iache dakika kumi. Kisha inusie mbali kidogo, mdomo ukiwa wazi, halafu isogeze taratibu. Tone la kwanza ni la kuuambia ulimi kinachokuja, usilihukumu. La pili lizungushe mdomoni, meza, halafu nyamaza usikilize kinachobaki. Ikiwa bado ni moto, ongeza maji nusu kijiko cha chai. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba maji yakiongezwa, guayakoli, kemikali yenye harufu ya moshi (wa kuni, si wa mjini kwetu), husogea juu ya kinywaji, karibu na pua yako.

Lakini naona shida yako kubwa ni kwamba unatafuta ladha za watu. Lebo inasema beri nyeusi, wewe beri nyeusi umeila wapi? Achana nayo. Mzee wa Kichaga akipokea kata ya mbege haombi lebo. Anaonja, anasema ulezi umezidi, au msesewa, lile gome chungu la kutia kwenye mbege, umetiwa kwa mkono mzito, na hakosei. Tumia kamusi hiyohiyo. Ile chupa yetu mimi niliisikia ndizi iliyoiva hadi kuweka madoa, halafu asali, halafu zambarau. Mwishoni ukaja ukakasi, ule wa kumenya ndizi mbichi na kulamba kidole, fizi zinakauka. Huo ukakasi ndio sahihi ya pipa: unatoka kwenye mbao na kwenye mvinyo mwekundu uliolala ndani yake. Ukiusikia huo, umeshaonja kile ulicholipia.

Na osha glasi vizuri. Za kwetu niliziosha mwenyewe kwa sabuni ya ndimu, na raundi nzima ya kwanza tulisifia "harufu ya machungwa".

"Nyekundu zaidi ndiyo bora zaidi?" Msomaji, Sakina, Arusha

Hapana. Pipa la mvinyo huongeza wekundu kweli, lakini Scotland na Ireland wanaruhusiwa kutia rangi ya karameli. Macho yasikuuzie.

"Barafu na koka je?" Msomaji, Majengo, Moshi

Hela ni yako. Ila baridi hufunga harufu na koka hufunika kila kitu, sasa kwa nini ulipie pipa la mvinyo? Chukua ya bei nafuu uchanganye kwa amani.

"Mjomba alikuja nayo Krismasi 2014, imeandikwa miaka 12. Sasa si imefika 24?" Msomaji, Kiboriloni

Imebaki 12. Wiski hukomaa kwenye pipa, siyo kwenye kabati la sebuleni, na namba hiyo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Isimamishe wima, pombe kali hula kizibo. Mkifungua, mjomba aonje kwanza.

"Nitajuaje si feki?" Msomaji, Ngarenaro, Arusha

Anza na stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato (TRA), iliyoanza mwaka 2019. Ikague kwa programu ya simu ya Hakiki Stempu kabla ya kulipa, si baada ya kufika nyumbani. Bei ikiwa tamu mno, mwachie muuzaji.

"Nilimimina waini ya Dodoma, kama mililita 100, kwenye jagi lenye wiski mililita 750. Si ni kitu kilekile?" Msomaji, Soweto, Moshi

Umenichekesha, na nimekupigia hesabu. Wiski ya asilimia 40 ukiiongezea waini ya asilimia 12 kwa kipimo hicho, unapata kama asilimia 37. Kwa sheria za Ireland na Scotland hiyo haiitwi tena wiski. Pia umepata sukari na uchachu wa waini bila ule ukakasi wa mbao. Hata hivyo sijasema ni mbaya. Umebakiza kiasi gani?