Kiwanja kwanza: kwa wazazi wanaotafutia Gaelscoil jengo la kudumu

Wazazi wenzangu kadhaa tunaoishi nao hapa Ayalandi wameniuliza swali moja. Shule ya watoto wao inafundisha kwa Kiayalandi, imepanga kwenye ukumbi wa klabu ya michezo, mkataba wa pango unakaribia kwisha, na hakuna anayewaambia watoto watahamia wapi. Waanzie wapi? Shule ya wanangu ilipita njia hiyo hiyo na leo ina jengo lake. Nilikaa kwenye kamati ya wazazi miaka yote ya mahangaiko hayo, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Nitazungumza zaidi juu ya ardhi kuliko juu ya jengo, kwa sababu kazi yote iko kwenye ardhi.

Kwa ndugu walio mbali: Gaelscoil ni shule ya msingi inayofundisha masomo yote kwa Kiayalandi, isipokuwa somo la Kiingereza, nje ya Gaeltacht, yaani maeneo ambako Kiayalandi bado ni lugha ya jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule za namna hii katika Jamhuri zilikuwa chache mno, kama kumi na moja tu. Sasa zimepita 140, na karibu zote zilianza kwa wazazi kukutana sebuleni kwa mtu. Katika sensa ya 2022, watu 1,873,997 walisema wanakijua Kiayalandi, lakini wanaokizungumza kila siku nje ya masomo walikuwa 71,968. Kwa mtoto wa mjini, basi, shule ndiyo mahali pekee anapokisikia tangu asubuhi hadi mchana, kwenye hesabu, kwenye mpira, kwenye ugomvi wa penseli.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini mimi, mtu wa Tanga, najisumbua na lugha ya watu. Nilijifunza kuhesabu kwa Kiswahili shuleni, na sijawahi kuhisi kwamba lugha ya nchi yangu ni ya kuombea ruhusa. Wanangu wamezaliwa hapa. Nawatakia hisia hiyo hiyo katika nchi yao.

Tuje kwenye madhara ya kukaa kwa muda, maana ndiyo hoja mtakayoitumia kila mahali. Baridi na unyevu vinajulikana. Mvua ikipiga paa la darasa la muda, lile linaloletwa na lori likiwa limekwisha kuundwa, mwalimu anaacha kusoma hadithi, anangoja. Mtoto ananyosha mkono: “An bhfuil cead agam dul go dtí an leithreas?”, yaani anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Anavaa koti, anavuka uwanja, kwa kuwa vyoo viko kwenye jengo la klabu, na anarudi soksi zimelowa. Hayo yanaumiza, lakini kuna kubwa zaidi. Shule ikikosa chumba, inapunguza watoto wa darasa la awali. Shule ya msingi hapa ni miaka minane, kwa hiyo darasa lililokatwa mwaka huu litaonekana kwenye shule nzima kwa miaka minane, na idadi ndogo ya wanafunzi inageuka kuwa sababu ya kusema shule haihitaji jengo kubwa. Idadi inayohesabiwa tarehe 30 Septemba ndiyo inayoamua walimu wa mwaka unaofuata. Wekeni kumbukumbu ya kila familia iliyonyimwa nafasi, mwaka kwa mwaka. Bila orodha hiyo, mahitaji halisi ya mtaa wenu hayaonekani kwenye karatasi yoyote.

Sisi tuliokulia kwenye harambee tunafikiria fedha kwanza: tuchangishane, tununue ploti, tujenge. Jizuieni. Zamani mzigo wa kiwanja ulimwelemea mlezi wa shule, lakini tangu 1999 serikali yenyewe inaweza kununua kiwanja na kukimiliki, na jengo hulipiwa na Wizara ya Elimu. Mlezi hapa ni taasisi iliyoisajili shule na kubeba dhamana yake. Gaelscoil nyingi ziko chini ya An Foras Pátrúnachta, iliyoanzishwa 1993. Kwa mujibu wa makubaliano ya 2012, halmashauri za kaunti na miji huisaidia Wizara kutafuta na kununua ardhi ya shule. Kwa hiyo mnachangisha fedha kidogo, na mnazitumia kwa kazi moja: kumlipa mhandisi au mtaalamu wa mipango miji asome ramani kwa niaba yenu. Kwetu sisi, fedha hizo ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko mchango wowote mwingine.

Mtaalamu huyo atawaonyesha kwamba shamba zuri kwa macho laweza kuwa bovu kwa shule. Angalieni mambo haya kabla hamjalitaja shamba lolote. Je, limepangiwa matumizi gani kwenye mpango wa maendeleo wa kaunti? Je, liko kwenye eneo la mafuriko? Ramani za mafuriko zinatolewa bure mtandaoni na Ofisi ya Kazi za Umma. Bomba la majitaka liko umbali gani? Je, nyaya kubwa za umeme zinapita juu? Na lango: dereva anayetoka lazima aone magari yanayokuja pande zote mbili kwa umbali wa kutosha, kwa hiyo shamba lililo kwenye kona ya barabara, lenye ukuta wa mawe wa jirani pembeni, linaweza kukataliwa kwa sababu ya ukuta ambao si wenu. Sisi tuliliacha shamba tulilolipenda kuliko yote kwa sababu ya lango. Lingine, ambalo wengi waliliona baya kwa kuwa liko nyuma ya nyumba za halmashauri, ndilo lililofaa kila kitu.

Mpango wa maendeleo wa kaunti unapoandikwa upya, umma hupewa nafasi ya kutoa maoni kwa maandishi. Msikose nafasi hiyo. Mkifanikiwa kuingiza sentensi moja inayosema ardhi itengwe kwa shule ya Kiayalandi katika mji wenu, mtaitumia kwa miaka. Andikeni kwa Kiayalandi na kwa Kiingereza.

Hapa kuna jambo gumu. Shamba likishaanza kuzungumziwa, mwenye shamba akasikia kwamba serikali inalitaka na wazazi mia wanalililia, bei inapanda. Ndiyo maana maofisa hawataji jina la kiwanja wakati wa mazungumzo, na kwa hilo wana haki. Msilazimishe jina, wala msiliweke kwenye mabango. Daini tarehe: lini tathmini ya viwanja itakamilika, lini ofa itatolewa, lini wanasheria wataanza. Bango linalouliza tarehe haliharibu mazungumzo ya mtu.

Kila jibu liwe kwa maandishi. Mkipigiwa simu na kuambiwa mambo yanakwenda vizuri, jioni hiyo hiyo andikeni barua pepe: asante kwa simu ya leo, tumeelewa kwamba hatua inayofuata ni hii na itakamilika mwezi huu. Asipokanusha, mna kumbukumbu. Tulikuwa na ofisi moja ambayo kila mwaka ilitupa mtu mpya, na kila mpya alianza na faili kama vile limefunguliwa jana. Barua zetu ndizo zilizokuwa historia ya faili hilo. Mwombeni mbunge wenu aulize swali bungeni; Waziri hulazimika kujibu, na jibu linabaki kwenye kumbukumbu rasmi za Dáil, yaani bunge hilo, ambako mtu yeyote analisoma. Jibu likisema “mradi uko katika hatua ya awali”, na miezi kumi baadaye likasema hivyo hivyo, yawekeni yote mawili kwenye ukurasa mmoja na kumpa mwandishi wa gazeti la kaunti. Pia kuna Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2014: ombi la nyaraka za ofisi ya umma halina ada ya kuwasilisha, na kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya wiki nne.

Ndugu wahamiaji, sikilizeni hili. Hapa Ayalandi mkazi yeyote mtu mzima anaweza kujiandikisha kupiga kura ya serikali za mitaa hata kama si raia. Kura ni ya kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nafasi ya pili au ya tatu mara nyingi ndiyo inayompitisha diwani. Dada mmoja kutoka Kongo kwenye kamati yetu alihakikisha kila familia ya kigeni shuleni imejiandikisha. Madiwani walipobisha hodi, walikuta kila mlango unauliza swali moja. Hakuna bango lililotusaidia kama hilo.

Kiwanja kikipatikana, wengi wanadhani vita vimekwisha, kumbe majirani ndio wanaanza. Kabla maombi ya kibali cha ujenzi hayajawasilishwa, tangazo linabandikwa kwenye lango la shamba, na maombi yakishapokelewa, kwa wiki tano mtu yeyote anaweza kutoa maoni kwa ada ya euro 20. Aliyetoa maoni anaweza baadaye kukata rufaa, na rufaa inakula miezi. Nendeni kwa majirani kabla tangazo halijabandikwa, kwa miguu, wawili wawili, bila karatasi ya kutia sahihi. Mzee mmoja wa mtaa ule alitukaribisha chai jikoni kwake. Hakuwa na neno na watoto wala na Kiayalandi. Mkewe alikuwa anachukuliwa na gari la hospitali asubuhi, na alitaka kujua litapitaje kati ya magari ya wazazi. Tulilipeleka swali lake kwa wasanifu, na mahali pa kushusha watoto pakahamishiwa ndani ya kiwanja badala ya barabarani. Aliandika maoni, ndiyo. Aliunga mkono.

Tangu kiwanja kipatikane, mradi hupita hatua zenye majina makavu: ya 1, ya 2a, ya 2b, ya 3 ambayo ni zabuni, na ya 4 ambayo ni ujenzi. Kazi ya kamati hapa ni ndogo: jueni mko hatua gani, na nani ana karatasi mezani wiki hii.

Mtu akiwaambia wazazi hawana uwezo, mtajieni Belfast, ingawa kule Ayalandi ya Kaskazini ni serikali nyingine na utaratibu mwingine. Familia za mtaa wa Shaw's Road zilijijengea nyumba ili ziishi kwa Kiayalandi, na mwaka 1971 zikafungua shule ya msingi, Bunscoil Phobal Feirste, ikiwa na watoto tisa. Fedha za serikali zilikuja 1984. Miaka yote ya katikati waliibeba wenyewe. Msikubali nanyi mngoje miaka hiyo, lakini jueni mnatoka kwenye ukoo gani.

Na la mwisho, ambalo kamati nyingi hulisahau. Sheria ya wanyamapori inazuia kukata ua wa miti na vichaka kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti, kwa ajili ya ndege wanaotaga. Kama lango lenu linahitaji ua uondolewe, na kibali kimetoka mwishoni mwa mwaka, mpigieni mhandisi wiki hiyo hiyo mwulize nani atakata ua na lini, kabla Februari haijaisha.