Swali la Lugha: Ganda la kirusi "huvunjika na seli" au "huvunjwa na seli"?

Swali: Nafundisha Biolojia sekondari. Katika maelezo ya VVU niliandika: "Kirusi kikishaingia kwenye seli, ganda lake huvunjika na seli." Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili amefuta "huvunjika" na kuandika "huvunjwa". Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Kwa sarufi, mwenzako. Kauli ya kutendeka haimtaji mtenda. Kikombe kimevunjika, basi. Ukitaka kumtaja mtoto aliyekivunja, utasema kimevunjwa na mtoto. Ukishaleta "na" ya mtenda, kitenzi kiingie kauli ya kutendwa.

Lakini, mwalimu, sahihisho hilo limeiacha sentensi yako na kosa zito zaidi. "Ganda huvunjwa na seli" maana yake seli ndiyo inayolishambulia, ilhali VVU huponea kwa sababu ganda lake halivunjwi mapema. Ganda lake lina umbo la pia, limeundwa kwa takriban protini 1,500 za aina moja, na ndani yake mna RNA, yaani maelekezo ya urithi ya kirusi, pamoja na kimeng'enya cha kuinakili kuwa DNA. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba ganda huachwa punde kirusi kinapoingia. Mwaka 2021, picha za hadubini ya elektroni zilionyesha maganda mazima yakipenya kwenye vitundu vya kiini cha seli. Njiani ganda huificha RNA isigunduliwe na ulinzi wa seli. Likifika kwenye vitundu, hujishikiza kwa protini za hapo ndipo likapita. Likivunjwa kabla ya hapo, maambukizi hukwama.

Kwa hiyo andika: "Ganda hupasuka ndani ya kiini." Nimechagua "hupasuka" kwa sababu kitenzi hiki huonyesha kitu kinachofunguka chenyewe, na hakuna haja ya kumtafuta mtenda. "Huvunjika" peke yake kina utata: msomaji anaweza kuelewa kwamba ganda ni rahisi kuvunja, kama tusemavyo njia inapitika.

"Huvunjwa" ibaki pale mtenda anapojulikana. Mfano mzuri ni kima wa Asia aitwaye rhesus. Ana protini iitwayo TRIM5α, ambayo hulizingira ganda la VVU mara linapoingia, na VVU hushindwa kumwambukiza. Hapo "ganda huvunjwa na TRIM5α" ni sahihi kwa sarufi na kwa sayansi.

Jambo dogo: ganda usilichanganye na utando wa mafuta ulio nje yake. Utando huungana na ngozi ya seli na kubaki mlangoni. Ganda ndilo linaloendelea na safari.

Naamini wanafunzi watakuuliza pia kuhusu lenacapavir, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Katika majaribio yaliyofanyika Uganda na Afrika Kusini, matokeo ya 2024 yalionyesha kwamba kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliopewa dawa hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Dawa hujishikiza kwenye protini za ganda, ikalizuia kuingia kiini na kuharibu uundwaji wa maganda mapya. Waandikie "ganda hushikwa na dawa", wala si "hushikika na dawa".