Mkufu wa karati 18: elementi au mchanganyiko?

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Binti yangu yuko kidato cha pili, kwenye zoezi la kemia waliambiwa wataje elementi inayopatikana nyumbani, akaandika "mkufu wa mama", mwalimu wake kamkosesha. Sasa kitabuni si wanasema dhahabu ni elementi? Sonara aliyenitengenezea namuuliza ananijibu tu ni karati 18, iko poa. Nani mkweli hapo au nimeuziwa feki?
Mama wawili, Geita

JIBU: Mama tulia, hujapigwa. Dhahabu ni elementi kweli, yaani kitu chenye atomu za aina moja tu, ila mkufu wako sio, kwasababu dhahabu tupu ni karati 24 na hiyo 18 maana yake sehemu 18 kati ya 24 ndio dhahabu, yaani asilimia 75, angalia kwenye kifungio huenda kimegongwa namba 750, ndio hiyohiyo. Mkufu wa gramu 10 una dhahabu gramu 7.5, zilizobaki mara nyingi ni shaba na fedha, na zimewekwa makusudi maana dhahabu tupu ni laini mno, inapinda na kukwaruzika hovyo. Huo ni mchanganyiko, na metali zikichanganywa hivyo tunaita aloi. Mwalimu yuko sahihi, ingawa mimi ningempa binti nusu maksi.

Atakuuliza, mbona shaba na dhahabu zimeshikana huwezi kuzitofautisha kwa macho, kwanini isiwe kampaundi, yaani elementi zilizoungana kikemia zikawa kitu kipya? Hapo wengi wanapotea. Kampaundi haina mjadala wa vipimo, chumvi safi iwe imetoka Uvinza au baharini Bagamoyo, kila gramu 100 sodiamu ni kama 39 na klorini kama 61, ukibadilisha hapo hiyo sio chumvi tena. Sonara yeye anapanga anavyotaka, akizidisha shaba mkufu unaelekea wekundu, akizidisha fedha unapauka, na bado ni mkufu. Alafu kwenye chumvi kila mmoja kapoteza tabia yake kabisa: sodiamu yenyewe ukiitupa kwenye maji inalipuka moto, klorini ni gesi ya sumu ambayo jeshi la Ujerumani liliwapulizia maadui zake kule Ypres, Ubelgiji, kwenye Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1915, zikiungana tunaweka kwenye mboga. Kwenye mkufu dhahabu imebaki dhahabu.

Tena wewe uko Geita, mfano wa mchanganyiko unaotenganishwa kwa moto tu mnao hapohapo. Wachimbaji wadogo wanaokamatisha dhahabu kwa zebaki wanapata donge la rangi ya fedha, wakilichoma zebaki inaondoka kama mvuke kwasababu inachemka kwenye nyuzi 357 wakati dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1064, inabaki dhahabu mkononi. (Mvuke huo ni sumu ya ubongo na figo jamani, sio kitu cha kuchomea jikoni watoto wakiwa wanakula.)

Sasa muoneshe binti chati ya elementi. Dhahabu namba 79, zebaki namba 80, ni majirani kabisa! Namba hiyo ni idadi ya protoni kwenye kiini cha atomu, na ndio inayoamua jina la elementi. Protoni moja tu imeongezeka na tayari umetoka kwenye metali yabisi ya njano umefika kwenye kimiminika. Mtu anayekuuzia dawa ya kugeuza zebaki iwe dhahabu ni tapeli, maana dawa na moto vinacheza na elektroni za nje tu, yaani chembe zinazozunguka kiini, kiini chenyewe hakiguswi. Na kiini chenyewe ni kidogo kupita maelezo: kingekuwa punje ya choroko katikati ya uwanja wa mpira, atomu nzima ya dhahabu ingekuwa ukubwa wa huo uwanja. Hilo lilijulikana kwa dhahabu hiyohiyo, mwaka 1909 pale Manchester, Uingereza, wanasayansi Geiger na Marsden walikuwa wanarusha chembe za alfa (vipande vidogo vyenye chaji chanya) kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, karibu zote zikapita kama hakuna kitu, chache sana zikarudi nyuma, na 1911 mkuu wao Rutherford akaeleza kwamba zimegonga kitu kidogo kizito katikati.

Kwahiyo binti aandike hivi: elementi ni ile ambayo atomu zake zote zina idadi moja ya protoni. Mkufu una za 79, za 47 ambayo ni fedha, na za 29 ambayo ni shaba. Akitaka elementi ya nyumbani ataje waya wa shaba, hatakosa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Klorini ina uzito 35.5, tunaambiwa toa protoni 17 upate neutroni, napata 18.5. Nusu neutroni inatoka wapi?
Kidato cha tatu, Tanga

JIBU: Marahaba. Haitoki popote, hakuna nusu neutroni na hakuna hata atomu moja ya klorini yenye 35.5. Klorini ya asili ina isotopu mbili, yaani aina za atomu zenye protoni sawa ila neutroni tofauti, moja ya 35 (neutroni 18) na moja ya 37 (neutroni 20), ya kwanza ni kama robo tatu. Chukua atomu nne: 35 mara tatu ni 105, jumlisha 37 unapata 142, gawa kwa nne, 35.5 hiyo hapo. Ni wastani. Dhahabu haina usumbufu huo maana ya asili ina isotopu moja tu, 197, toa 79 unabaki na neutroni 118 kamili. Wakikuuliza neutroni za klorini lazima wakutajie isotopu, wasipotaja nyosha mkono.

SWALI: Chumvi ya pakiti dukani ni kampaundi?
Muuza duka, Morogoro

JIBU: Kwenye mtihani andika kampaundi. Ila ya pakiti imetiwa madini joto, kidogo sana, kwahiyo ukibana sana ni mchanganyiko.