Tangi limeng'olewa lakini kisima bado kinanuka petroli: usikimbilie kuvuta maji

Ndugu yetu ameeleza kwamba kisima cha nyumbani kwake hapa Malindi kimepakana na kituo cha mafuta kilichofungwa, kwamba tangi la chini ya ardhi limeng'olewa na shimo kufukiwa kwa mchanga safi, na kwamba maji bado yananuka petroli, ingawa harufu huja na kuondoka. Fundi amemshauri alete pampu kubwa, akivute kisima hadi harufu iishe, kisha atie klorini. Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa na wapimaji na wasafishaji wa viwanja vya namna hii hapa pwani, na kwa heshima zote namsihi asiufuate ushauri huo.

Klorini huua vijidudu, lakini haiiondoi petroli. Kuchemsha nako hakufai, kwa kuwa benzini, ambayo ni mojawapo ya viambato vya petroli na inajulikana kusababisha saratani ya damu, huchemka kwenye nyuzijoto 80 tu, ikatoka sufuriani na kumwingia kifuani yule anayepika. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za benzini katika lita moja ya maji ya kunywa, na kiasi hicho ni kidogo mno kunusika. Kwa hiyo hata siku ambayo harufu haipo, maji hayo yasinywewe.

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Inapovuja hupenya mchangani na katika nyufa za mawe ya matumbawe hadi iyafikie maji, ikatandaa juu yake. Sehemu yake hunata kwenye udongo, nyingine huyeyuka na kusafiri na maji, na nyingine hugeuka mvuke. Karibu na ufuo maji ya visima hupanda na kushuka pamoja na bahari, hasa nyakati za bamvua, na kila yanapopanda na kushuka huipaka petroli kwenye udongo wa juu na wa chini. Katika kiwanja kimoja tulikuwa tukiteremsha kwa kamba mrija mwembamba wa plastiki angavu wenye vali chini. Maji yalipokupwa, mrija ulipanda na tabaka la manjano lenye unene wa vidole viwili likielea juu ya maji. Maji yalipojaa, katika kisima kilekile, palionekana utando tu wenye rangi za upinde wa mvua. Mwenye kupima wakati wa maji kujaa peke yake hudhani pamesafika.

Sasa kuhusu pampu. Maji baridi yetu yameelea juu ya maji ya chumvi, na kwa makadirio ya kawaida kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na mita 40 hivi zilizo chini yake. Ukiyashusha kwa nguvu, chumvi hupanda kutoka chini, na petroli nayo hufuata maji ikashuka na kunata mahali ambapo haikuwapo. Nimekiona kisima kilichovutwa hivyo: maji yaligeuka ya chumvi, na harufu ilirudi baada ya muda mfupi. Tena, na hili nalisema kwa uchungu, mtu yeyote asiteremke kisimani humo, hata fundi mzoefu, kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujikusanya chini na huweza kumzimisha mtu kabla hajawahi kupiga kelele. Na pampu ya injini isiwashwe mdomoni pa kisima, kwani cheche moja hutosha.

Kazi yenyewe huanza kwenye chanzo. Wasafishaji wachunguze mabomba ya kituo na viungo vyake, maana mara nyingi ndivyo vinavyovuja kuliko tangi lenyewe, na udongo ulioloa uchimbwe utolewe, usimwagwe kando ya barabara. Tabaka linaloelea lienguliwe polepole. Baada ya hapo mvuke hunyonywa kutoka udongoni kwa visima vyembamba na kupitishwa kwenye mkaa maalumu, njia inayofaa sana katika mchanga wetu, ila kwenye mapango ya matumbawe hewa hukimbilia penye uwazi na kuruka kwingineko. Dizeli haigeuki mvuke kwa urahisi, kwa hiyo ni lazima ijulikane tangi lilihifadhi nini. Masalio humalizwa na bakteria wa udongoni, ambao kwa kila kilo ya mafuta huhitaji kilo 3 hivi za oksijeni. Ndiyo sababu hewa hupulizwa chini kwa muda mrefu.

Ndugu yangu mwenye kisima, gharama hizi si zako. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inamtwika mchafuzi mzigo wa kusafisha, basi andika barua kwa NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, na kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ukiambatisha matokeo ya maabara. Sampuli itiwe katika chupa ya kioo iliyojazwa hadi pomoni bila hata povu la hewa, iwekwe kwenye barafu, na ichukuliwe maji yakiwa yamekupwa.

Kwa sasa tumieni maji ya bomba yanayotoka kwenye mitambo ya maji ya Baricho, lakini kwanza angalieni bomba lenu linapita wapi, kwa sababu petroli hupenya mabomba ya plastiki yaliyofukiwa katika udongo uliochafuka. Kama limepita kando ya kituo hicho, lihamishwe.