Gredi A haikuhakikishii biashara

Swali: Assalaam alaykum. Nauza mitumba Konde, Pemba. Siku zote navuka Unguja kuchagua nguo mojamoja Darajani, lakini nauli na bei ya kuchagua vinanimaliza. Sasa nataka belo zima la mablauzi ya kike, kilo 45, gredi A, kwa muuzaji wa Dar es Salaam ambaye hunitumia video. Kuna kijana anataka nimlipe anifundishe kulijua belo zuri kabla halijafunguliwa, kwa rangi ya mikanda, kwa kuligonga na kwa harufu yake. Nimlipe?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Usimlipe hata shilingi. Swali kama hili naulizwa kila Ramadhani inapokaribia, na kila mara katikati yupo mtu anayeuza siri. Siri hiyo haipo. Belo limeshindiliwa kwa mashine mpaka limekuwa gumu kama tofali; hakuna wa kuligonga akaisikia blauzi iliyochanika kwapani. Rangi ya mkanda nayo haisemi kitu, ghala hufungia mkanda lililo nao. Harufu inakwambia jambo moja tu, kama mzigo umepata maji. Ukinusa ukungu, ondoka, usikae kujadili bei.

Kinachonisumbua zaidi ya huyo kijana ni hiyo gredi A, uliyoiandika kana kwamba ni muhuri wa serikali. Hakuna chombo kimoja kinachotoa gredi za mitumba kwa dunia nzima. Nguo hukusanywa Uingereza, Ujerumani, Marekani, Korea Kusini na kwengineko, zikapelekwa kwenye maghala ya kuchambulia, na kila ghala huchambua kwa macho yake na kuchapisha herufi yake. Yapo yanayoweka daraja jengine juu ya A, kwa hiyo A yao ni nguo za chaguo la pili. Na mwengine hapa hapa anaweza kuchapisha karatasi yake akaibandika.

Tuseme basi A ni ya kweli. Herufi hiyo inazungumzia uchakavu, haizungumzii mteja wako. Blauzi isiyo na mikono, nyepesi mpaka mwili unaonekana, haina doa wala uzi uliokatika: hiyo ni A halali. Utamuuzia nani Konde? Sweta zito la sufu lililovaliwa mara moja nalo ni A. Wengi walioniletea malalamiko hawakuibiwa. Walipata hasa kilichoandikwa, ila hakikuwa cha kuvaliwa kwetu.

Hesabu ndiyo inayokulinda. Blauzi nyepesi ina kama gramu 150, kwa hiyo kilo 45 zikupe karibu vipande 300. Ukihesabu ukapata 180, wastani umefika gramu 250, na hapo ujue umepewa nguo nzito ndani ya mzigo wa nguo nyepesi. Suruali ya jinzi ina gramu 600 hivi, belo lake halizidi sana vipande 75. Muulize muuzaji idadi kabla ya kulipa, na belo lipandishwe mzani mbele yako.

Kisha usigawe bei kwa vipande vyote, kosa hili nalikuta kila siku. Chukulia belo, usafiri na mchukuzi vimekutoka 600,000 mpaka mlangoni kwako. Katika vipande 300, ukipata 60 vya kuuza 5,000, vyengine 120 vya 2,000, na 120 vilivyobaki ukavimwaga chini kwa 500, umekusanya 600,000 kamili. Umekaa juani mwezi mzima na hukupata faida ya shilingi moja, ingawa kila kipande kilikutoka kwa 2,000 na ulikuwa nazo za 5,000. Kinachoamua ni zile 60. Zikiwa 100, biashara ipo.

Alama ya ghala ina maana kuliko herufi. Waulize waliofungua alama hiyo hiyo hivi karibuni, walipata nini. Angalia na umbo: belo la mashine lina pembe na ugumu sawa pande zote. Lililofunguliwa, likatolewa nzuri na kujazwa masalio, huwa limetuna upande mmoja, limezungushiwa plastiki mara mbili, au lina karatasi juu ya karatasi.

Likifunguliwa, anza na kwapa. Geuza blauzi nje-ndani, pitisha kidole: pakiwa pa manjano na pamekakamaa, usijidanganye kwamba utapatoa. Watu wanauza mchanganyiko wa jiki kwenye vichupa wakidai unarudisha upya wa nguo. Jiki kwenye doa la jasho mara nyingi huzidisha umanjano, na kwenye kutu ya kifungo hulikoleza. Madoa meusi ya ukungu yakishaingia kwenye uzi wa pamba, pamba yenyewe inaoza. Utaiona nguo safi mezani, itachanika kwa mteja akiifua mara ya pili. Halafu inyanyue juani uone vitundu, na vuta mpira wa kiuno au wa mkono: ukibaki umelegea, umekufa.

Hayo ni ya blauzi. Wanaokimbilia mikoba na viatu vya ngozi ya bandia wajue kwamba joto na unyevunyevu wa visiwa vyetu unaibambua ngozi hiyo hata ikiwa imekaa tu dukani. Na wa maghala ya Pemba, msiweke belo juu ya saruji wakati wa masika. Weka mbao chini.

Video nayo inaonesha belo lililofunguliwa jana, lako bado limefungwa. Ipo na michezo ya kuonesha safu ya juu tu. Wanaofundisha "mbinu" kwenye simu mara nyingi ndio hao hao wenye mzigo wa kukuuzia, au wanalipwa na mwenye mzigo. Nimewaona kina mama wakitoa fedha ya kikoba nzima kwa mtu wasiyewahi kumuona, mzigo ukashuka bandari ya Mkoani, Pemba, ukiwa na suruali za kiume. Akikataliwa fedha ya mbele, muuzaji mwenye mzigo mzuri hubaki na mzigo wake na atampata mnunuzi mwengine kesho. Anayekusukuma utume leo leo ndiye wa kuogopwa.

Tafuteni wenzenu wawili, mchange belo moja, na mmoja wenu avuke aende mwenyewe. Lipimwe, lifunguliwe mbele yake, zihesabiwe, ndipo fedha itoke.