Andika kwa Maneno Utakayoyatafuta

Mwanafunzi mmoja wa uzamili pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kaniandikia: "Dada, unatunzia wapi madokezo yako? Mimi nina skrinishoti zimejaa simu na nikitaka kitu sikipati." Nilimjibu kwa ufupi, ila swali lake limekuja wakati wake, kwa sababu wiki hiyohiyo madokezo yangu yalinibeba mbele za watu.

Tulikuwa kikaoni Mtumba, Dodoma, mada ni kilimo cha zabibu. Mtu akauliza wakulima wa Hombolo walilalamikia nini hasa kuhusu miche. Wenye ripoti wakaanza kupekua. Mimi nikaandika kwenye simu "Hombolo mchwa", nikawasomea: tarehe, kitongoji, na maneno ya mkulima mwenyewe kwamba mchwa wanamaliza miche michanga, na kwake wamezidi pale alipoweka samadi isiyoiva. Kikao kiliendelea kutoka hapo. Nilifurahi, na sioni haya kulisema, maana kwenye ofisi ya zamani bosi alinifokea mbele ya wakulima kwamba nachati wakati wao wanaongea. Nilikuwa naandika maneno yao! Hakuuliza, hakuomba radhi, na bado inaniuma.

Basi, programu. Natumia Obsidian. Ni bure, na kila dokezo ni faili la maandishi matupu linalokaa ndani ya simu yako, kwa hiyo hata Chinangali bando likiisha unaandika na unatafuta. Hilo la faili kuwa lako ni kubwa. Evernote, programu nyingine ya madokezo, ilipobana huduma yake ya bure Desemba 2023 ikawa madokezo 50 na daftari moja tu. Mwenye maandishi matupu anahama na folda yake muda wowote. PDF za watafiti naziweka Zotero, programu ya kutunza marejeo. Nafasi yake ya bure mtandaoni ni MB 300, lakini kwenye kompyuta yako unaweka kadiri diski inavyobeba.

Ila programu si kazi. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliacha kadi za karatasi zenye madokezo zipatazo 90,000, na alizitumia kuandika vitabu. Kazi ni namna unavyoandika, na hapa sisi wa Kiswahili tuna jambo letu ambalo video za YouTube hazilisemi. Vitenzi vyetu hubadilika mbele na nyuma: kupogoa, wamepogoa, walipogolewa. Tafuta mzizi, "pogo", vyote vinakuja, mradi programu yako inasoma kipande cha neno. Gmail, kwa mfano, hutaka neno zima. Jaribu hilo kabla hujahamia popote.

Halafu majina. Mkulima wa Mpunguzi atakwambia zabibu zimeshikwa na ugonjwa wa "unga", kitabu kinasema "ubwiri unga", makala ya utafiti ina jina la Kiingereza. Andika yote matatu mstari wa kwanza. Wewe wa mwaka kesho hujui utakumbuka lipi. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, ndipo mahali; yatajipanga yenyewe.

Na acheni kupiga picha kila kitu, wadogo zangu. Picha ya slaidi haijakupa maarifa. Andika sentensi mbili kwa maneno yako: nimesikia nini, nitakitumia wapi. Ukishindwa kuziandika, hujaelewa, uliza hapohapo kabla mtoa mada hajapanda bajaji. Mnataka kuheshimiwa kwenye mikutano mikubwa, basi heshimuni mnachosikia kwenye midogo, chini ya mbuyu, kwa bibi asiye na cheo.

Wewe uliyeniandikia, skrinishoti zako usizifute. Chukua za tasnifu peke yake, kila moja iandikie sentensi zake mbili, kisha nakili folda nzima kwenye flashi usiyotembea nayo. Zilizobaki ziache zikae. Ukiihitaji mojawapo, siku hiyo ndiyo uiandikie.