Maswali ya Wasomaji: Piko ya Mama Imefutika

SWALI: Mhariri, marehemu baba ameniachia bahasha ya negativu za milimita 35, nyeusi na nyeupe, za arusi yake ya mwaka 1978. Nilizipeleka studio zikaskaniwe na kusafishwa kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 30, lakini piko (michoro myeusi ya urembo) iliyo mikononi mwa mama imevurugika kama iliyopanguswa kwa kitambaa. Je, negativu zimekwisha kuharibika?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa msiba, na usikate tamaa mapema. Ishike negativu hiyo kingoni kwa vidole viwili, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha, kisha uitazame mikono ya mama kwa kioo cha kukuzia. Kwa kuwa kwenye negativu cheusi huonekana cheupe, piko itakuwa mistari myembamba inayopitisha mwanga. Ikiwa mistari hiyo imekaa sawasawa, picha ya mama ingali salama, na mimi nashuku skana.

Skana nyingi za filamu zina kipengele cha kuondoa vumbi kinachotumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Rangi za filamu ya kawaida ya rangi hupitisha mwanga huo, ila vumbi huuzuia, na hivyo programu hujua mahali pa kuziba. Picha ya filamu nyeusi na nyeupe, kinyume chake, imejengwa kwa chembe za fedha ambazo nazo huuzuia mwanga huo. Kwa hiyo programu huidhania picha yenyewe kuwa ni uchafu na kuanza kuifuta. Mwombe fundi azime kipengele hicho, apulize vumbi kwa pampu ya mpira, na madoa yatakayobaki ayaondoe kwa mkono, moja baada ya jingine. Kazi hii huchukua muda, na inastahili kulipiwa.

Omba pia iskaniwe kwa nukta 4,000 kwa inchi. Fremu ya milimita 24 kwa 36 itakupa takriban pikseli (nukta za picha) 3,780 kwa 5,670, zinazotosha hata kwa picha ya sentimita 32 kwa 48. Faili la asili lihifadhiwe kama TIFF, aina ya faili kubwa inayotunza ubora wote, na JPEG, aina ya faili ndogo iliyobanwa, iwe nakala ya kuwatumia ndugu. Picha nyeusi na nyeupe ikisafishwa kwenye karatasi ya picha za rangi inaweza kuingia ukijani au wekundu, kwa hiyo dai kipande kidogo cha majaribio kwanza, ukitazame nje mchana.

Huko pwani unyevu huleta kuvu, na kuvu hula jelatini iliyobeba picha. Zihifadhi negativu mahali pakavu, penye ubaridi. Ukisikia harufu ya siki kwenye bahasha, filamu ya asetati (aina ya plastiki) imeanza kuoza: zitenge zenye harufu hiyo, na ndizo ziskaniwe kwanza.